Inspekta Zabroni Hakufika Akheri

Kuna harufu ambayo kama hukulelewa kwenye miteremko ya Mlima Meru huenda huijui. Ni harufu ya maganda ya kahawa yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, yanapoanza kuchacha. Mwanzoni ina utamu, kama wa ndizi iliyopitiliza kuiva, kisha unakuja uchachu unaokaa kooni na hautoki hata ukinywa maji. Majuzi jirani yangu hapa mtaa wa Sakina, mjini, aliletewa gunia la maganda hayo awekee mboga zake. Nilikuwa naosha vyombo, dirisha liko wazi. Harufu ilipoingia niliweka kikombe chini, nikakaa kwenye kiti cha jikoni na mikono yangu ikichuruzika povu, kwa sababu nilikuwa nimerudi Akheri, nina miaka tisa, na Mama Eli anapanda njia ya kwetu akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani siku isiyo ya kanisa.

Acheni niwasimulie. Wengi wenu babu yangu mnamjua kwa vitabu vyake, na vitabu havisemi yaliyompata.

Babu, Mzee Anaeli, ndiye aliyemtunga Inspekta Zabroni. Kama uliwahi kusoma riwaya za upelelezi bwenini, au ukiwa zamu hospitalini, au ukisubiri basi lililochelewa, labda mlikutana: yule askari mnene, mvivu wa kutembea, ambaye akiingia nyumba ya marehemu huomba kwanza chai. Zabroni hakukimbia hata siku moja. Alikaa, akasikiliza, akawaacha watu waseme mpaka wamalize, na katika sura ya mwisho akawakusanya wote sebuleni na kusema, "Kaeni chini, niwaambie." Akawaambia. Na muuaji alikuwa daima mtu ambaye msomaji ameshampenda. Daktari mpole. Shangazi mwenye huruma. Mlinzi aliyelia kuliko ndugu wa marehemu.

Watu walitoka Dar es Salaam kuja kumwona mtu mwenye akili hiyo, wakamkuta mzee mwembamba kwenye mabuti ya mpira, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, wakamwomba awaelekeze kwa Mwandishi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote. Bastola ile iliyochorwa kwenye majalada hakuwahi kuishika. Hata kuku alichinja Bibi, na Babu akapata shughuli ya haraka upande wa pili wa shamba mpaka kuku awe ametulia chunguni. Bibi alipenda kuwaambia wageni jambo hilo wakati wakila.

Pale kijijini umaarufu wake ulitokana na mayai zaidi ya vitabu. Mchungaji alikuwa anaibiwa mayai, na lawama ilikuwa imemwangukia msichana wa kazi. Babu alialikwa chai, akakaa uani kwa mchungaji, akanywa kikombe cha kwanza na cha pili, kisha akaomba mbwa wa mchungaji aletwe karibu. Sharubu za mbwa zilikuwa na kiini cha yai kilichokauka. Babu aliniambia baadaye kwamba mbwa alikuwa amemlamba mkono alipokuwa anaingia, ukanuka yai, basi. Lakini kutoka siku ile, jembe likipotea Akheri, au mtu akigombana na jirani kuhusu mpaka, kulikuwa na mtu wa kusema twende kwa Mwandishi, yeye ataona.

Mimi nililelewa pale kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi mbali. Asubuhi niliamshwa na taipureta. Babu aliandika kabla ya kukamua ng'ombe, na mlio ule, kishindo kidogo kidogo halafu kengele, ulikuwa kwangu ndio mlio wa nyumba yenye mtu mzima ndani. Vitabu vyake nilivisoma nikiwa nimejilaza kati ya mistari ya mibuni, na kwa umri ule sikuona tofauti kati ya mtu anayeandika kwamba Zabroni amejua na mtu anayejua. Nani mwingine angemwambia Zabroni?

Chini ya kwetu, karibu na kituo cha kukusanyia maziwa, palikuwa na karakana ya fundi Samweli, seremala. Mtu mkubwa, mpole, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao. Mke wake alifariki zamani bila kumwachia mtoto, na upendo aliokuwa nao aliumimina kwa Elibariki, kijana wa Mama Eli, aliyeanza kwake kama mwanafunzi wa kazi na sasa alikuwa fundi kamili. Elibariki alikuwa mtu mzima, amechumbia, siku ya harusi imeshatangazwa kanisani. Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya. Mama yake alikuwa mjane, na huyu alikuwa mtoto wake wa pekee.

Msimu ule wa kahawa, Samweli alimtuma Elibariki Kikatiti kuchukua bawaba za kabati la mteja, maana za dukani kwetu zilikuwa nyepesi. Elibariki alipanda baiskeli, akashuka barabara kuu na kuelekea upande wa Moshi. Wengi walimwona akipita. Jioni hakurudi, na kesho yake hakurudi. Wanaume wa kijiji wakaenda kumtafuta, Samweli akiwa mbele, wakaikuta baiskeli Kikatiti kwa fundi baiskeli, imeegemezwa ukutani, matairi yamejazwa upepo. Bawaba zilikuwa nyuma kwenye kibebeo, zimeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa vizuri kwa mpira.

Polisi walikuja, wakauliza kila waliloweza kuuliza. Mito ilipitiwa, mashamba yakapitiwa, hospitali zikatembelewa. Mtu alikuwa amekwenda dukani, amenunua alichotumwa, amefunga mzigo wake, halafu hayupo.

Ndipo Mama Eli alipopanda njia ya kwetu. Ilikuwa mchana, Bibi anageuza kahawa kwenye kichanja, Babu amekaa kwenye benchi la nje akinoa panga la majani. Alimwamkia, Babu akaitika na kumpa pole, akamkaribisha akae. Mama Eli akakaa. Alikusanya kitenge katikati ya magoti, akalaza viganja vyake juu yake, akamtazama Babu usoni.

"Nimekaa, baba," alisema. "Niambie."

Babu hakuelewa. Mimi nilielewa papo hapo, na nakumbuka jinsi moyo ulivyonijaa fahari. Bibi aliacha kugeuza kahawa. Babu aliniangalia mimi, akamwangalia Bibi, na polepole ile tupa ya kunolea ikashuka mkononi mwake.

"Mama Eli," alisema, "mimi sijui alipo."

"Najua leo hujui. Hata Zabroni siku ya kwanza hajui. Nimekuja ili uanze."

Mtu mwingine angetafuta maneno ya kumrudisha nyumbani. Babu aliingia ndani akavaa koti lake la kanisani. Siku hizi hiyo ndiyo sehemu ninayoifikiria kuliko zote, lile koti. Alijua kabisa kwamba hana anachoweza. Lakini mwanamke alikuwa amekaa pale, na kumwambia aondoke mikono mitupu kulimshinda.

Kikatiti nilikwenda naye, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na Bibi alisema mzee asiende peke yake. Mchana ulikuwa wa vumbi, malori yanapita, mama wa ndizi wamejipanga kando ya barabara na vichane vyao. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimkumbuka Elibariki vizuri: alichagua bawaba moja moja, akizifungua na kuzifunga sikioni kusikia kama zinalia. Fundi baiskeli naye alimkumbuka. Aliacha baiskeli ijazwe upepo, akasema narudi sasa hivi. Alikwenda wapi? Fundi alinyoosha mkono upande wa mlima. Mama wa ndizi aliyekaa hatua chache kutoka pale akanyoosha mkono upande wa pili, kwenye tambarare.

Halafu habari zikaenea kwamba mzee aliyekuja ni nani. Watu wakaanza kutukusanyikia. Kikaletwa kiti na Babu akakalishwa, soda ikafunguliwa, na kila mmoja akawa na alichoona. Muuza makubazi mmoja alisukuma wenzake akaja mbele. Alisema aliona Pijo ya kijivu, isiyo na namba, imesimama pale penye mti na injini inanguruma.

"Ilikuwa na mapazia nyuma," alisema.

"Mapazia ya rangi gani?" Babu aliuliza.

"Ya kijani."

Nilitaka kuruka. Niliijua gari ile. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kati ya mibuni, Pijo ya kijivu yenye mapazia ya kijani, iliyombeba mhasibu katika kitabu cha tatu cha Babu. Nilimgeukia kumwambia tumepata, na nikaona uso wake. Ulikuwa umesinyaa kama uso wa mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu mtoto wake.

Alimuuliza yule kijana kama anasoma vitabu. Kijana akatabasamu. Alisema amesoma vyote vya mzee, hakuna alichobakiza, kuna vingine amerudia mpaka jalada likatoka.

"Na gari hiyo umeiona kweli? Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, babu. Naapa."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomvunja Babu miguu. Alikuwa kijana mwema anayetaka kusaidia, na alikuwa ameiona. Baada yake wakaja wengine, na kwa kila aliyesema Babu alisikia kitu chake mwenyewe kikimrudia: mtu mwenye kovu chini ya jicho, mwanamke mwenye glavu, bahasha iliyoangushwa. Tukaanza kurudi. Tulipofika Makumira, njiani kwenda kwetu, aliniambia tu, taratibu, kama mtu anayejisemesha, kwamba wameona kila kitu isipokuwa Elibariki.

Pale kijijini watu hawakungoja Babu amalize kazi. Wenye kupeleka maziwa asubuhi walisimama na madumu yao, wakalichambua jambo kama walivyozoea kuchambua vitabu vyake, maana karibu kila nyumba ilikuwa na kimoja. Katika vitabu vya Zabroni, walisema, haiwi mtu wa mbali. Huwa ni aliye karibu. Huwa ni yule ambaye hakuna anayemshuku. Sasa nani alimtuma kijana Kikatiti? Nani aliongoza watu moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli? Kwenye maombi ya nyumbani kwa Mama Eli, nani alilia mpaka akashindwa kusimama?

Fundi Samweli alikuwa wa mwisho kujua. Aliona tu kwamba wateja wanapitia upande wa pili wa njia.

Kanisani kwetu, baada ya ibada watu husimama nje kwa mnada wa sadaka za vitu: mkungu wa ndizi, jogoo, maziwa, mboga. Samweli alizoea kuleta kigoda, na vigoda vyake viligombaniwa, kwa kuwa havikuwa vikiyumba hata kwenye sakafu ya udongo. Jumapili ile mzee wa kanisa aliinua kigoda juu kama kawaida, akataja bei ya kuanzia. Hakuna aliyejibu. Akapunguza. Mtoto fulani alikohoa. Samweli alikuwa amesimama pale na Biblia yake kwapani, akitabasamu tabasamu la mtu ambaye bado hajajua mzaha ni upi, na mzee wa kanisa akaendelea kushikilia kigoda hewani.

Babu alinunua. Alisogea mbele, akakipokea, akakiweka chini na kukaa juu yake mbele ya waumini wote. Kisha akasema maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

"Ndugu zangu, mambo yale niliyatunga. Nilikuwa naanza na muuaji, halafu narudi nyuma namtengenezea nyayo. Nyayo zote niliziweka mimi, ili mje mzione. Huyu hapa hakuna aliyemwekea nyayo. Tafadhali mwacheni."

Walimsikiliza kwa heshima sana. Kwenye kituo cha maziwa kesho yake, nilipopeleka dumu letu, niliwasikia wanavyolielewa. Si mmemwona mzee alivyokaa kwenye kigoda chake? Zabroni naye si alikunywa chai na yule daktari mpaka karibu na mwisho, akimwita rafiki yangu, rafiki yangu, huku pingu zimo mfukoni? Mzee ameshajua. Anamlegeza.

Siku chache baadaye Mama Eli alikuja tena. Alikuwa amekonda, na mtandio wake, ambao zamani ulikuwa ukipigwa pasi, ulikuwa na mikunjo. Safari hii hakukaa.

"Ni Samweli?" aliuliza.

"Hapana, mama. Si Samweli."

"Ni nani?"

"Sijui."

Mama Eli aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza kitu kwa mbali.

"Kama hujui ni nani," alisema, "umejuaje si yeye?"

Nilimtazama Babu, yeye aliyewajibu watu wote wa Dar es Salaam, na yeye akatazama chini, kule karakana iliko. Alijua kwa sababu alikuwa amemfahamu Samweli miaka mingi. Alijua jinsi ambavyo mimi najua kwamba mkono huu ni wangu. Lakini hilo si jibu analoweza kulipokea mama aliyepotelewa na mtoto, hasa kutoka kwa mtu aliyewafundisha wasomaji wake, kitabu baada ya kitabu, kwamba uliyemfahamu miaka mingi ndiye. Mama Eli alisubiri kwa adabu. Alipoona jibu haliji, alishukuru, akashuka.

Vijana wa kijiji walikwenda karakana Jumamosi, mchana kweupe, jua linawaka juu ya kahawa iliyoanikwa. Tulisikia kwanza mabati. Babu alitupa kikapu na kukimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia vibaya, mabuti yakimpwaya, na mimi nyuma yake. Tulipofika ukuta mmoja wa mbao ulikuwa umeshalala chini. Lile kabati lililokuwa linangoja bawaba lilikuwa limepasuliwa waone kama kuna kitu ndani, na vijana walikuwa wanachimba sakafu kwa majembe na sururu. Samweli alikuwa amekalishwa kando ya njia, mkono wake wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto, na kutoka kwenye kiwiko kwenda chini mkono ule ulikuwa umeangalia upande usio wake. Mtu alikuwa amempiga kwa ubao.

Babu alitaka kuingia katikati yao. Kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wake darasa la nne, alimkumbatia kwa nyuma na kumzuia, bila kumuumiza.

"Shikamoo babu," alisema. "Tulia. Utaanguka bure."

Babu alipambana naye kidogo, kisha akaishiwa nguvu, akabaki ameshikwa hivyo hivyo. Walichimba mpaka kwenye udongo mwekundu usiowahi kuguswa. Walipata maranda ya mbao, misumari na kitasa kilichoharibika. Nilidhani sasa wataona haya. Lakini walipokuwa wanajifuta jasho nilimsikia mmoja akisema jamaa ameficha vizuri.

Askari walipokuja kuuliza nani alivunja karakana na nani alimvunja mtu mkono, hakuna aliyekuwepo. Lilikuwa kosa pekee la mwaka ule ambalo Akheri nzima ilijua limefanywa na nani. Babu alitaja majina yote aliyoyaona. Yalikuwa majina ya watoto wa watu, wengine wa jamaa zetu, na wote wakapata mashahidi kwamba walikuwa shambani. Tangu hapo mtu akimwamkia Babu njiani alimwamkia huku anatembea.

Samweli alichukuliwa na dada yake wa Sanya Juu. Mkono ulipona ukiwa umepinda na vidole havikukunja tena kitu chembamba, si patasi wala penseli. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Taipureta ilifunikwa kwa kitambaa ambacho Bibi alikuwa akifunikia mkate. Asubuhi zikawa kimya, nikawa naamka kwa sababu ya ukimya huo. Alikuja mtu wa kuchapisha vitabu, mwenye kofia nzuri, akasema wasomaji wanamlilia Zabroni, aandike hata kifupi. Babu alimkaribisha loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, na aliporudi akachukua panga akaenda kukata majani. Nilikasirika naye miaka mingi. Mimi pia, mnaona, niliamini amejua. Nilidhani siku ile Kikatiti aliona kitu usoni mwa mtu fulani, akaamua kukizika. Nilikuwa namvizia akiwa anakula, nikitazama macho yake, nikingoja kitoke.

Alipofariki, mimi nikiwa sekondari, mazishini palijaa watu mpaka kwenye migomba ya jirani. Mgeni mmoja kutoka mjini alihutubia, akasema taifa limempoteza mtu ambaye hakuna fumbo lililomshinda. Watu walipiga makofi. Mama Eli alikuwa amekaa mstari wa wanawake, hakupiga. Alilitazama jeneza kama mtu anayetazama sanduku lililofungwa na ufunguo ukiwa ndani.

Jambo la mwisho nililijua kwa Bibi, miaka kadhaa baadaye, tunachambua maharage. Alisema kulikuwa na siku moja Babu alikwenda Sanya Juu kumwona Samweli, na yeye Bibi alifuatana naye. Samweli alifurahi sana, aliagiza chai. Walizungumza habari za kahawa na mvua. Wakati wa kuaga Samweli alimshika Babu mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Mzee, wewe unajua," alisema. "Mtaje tu. Mtaje, nirudi nyumbani."

Bibi alisema usiku ule Babu alipofika kitandani aligeukia ukutani. Mtu aliyeteseka kwa ajili ya uongo ule naye aliuamini. Hakubaki hata mmoja duniani, Bibi alisema, wa kumkubalia mzee wa watu kwamba hajui.

Siku hizi vitabu vyake vinazunguka kwenye simu, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na watu wasiomjua. Vijana kazini wakisikia jina langu husema aisee, babu yako alikuwa mkali. Nasema asante.

Mama Eli yupo bado. Nilikwenda kumwona baada ya harufu ile kunikalisha jikoni, sijui nikitafuta nini. Amezeeka, macho yana ukungu, anaishi na binti wa kumsaidia. Nyumba imefagiwa, na nje ile baiskeli ya Elibariki imeegemezwa chini ya paa. Huijaza upepo kila matairi yakilegea. Niliketi, tukaulizana hali. Aliuliza Bibi alifariki lini, akanipa pole tena. Nilimmiminia chai, na nilipomkabidhi kikombe hakukipokea, alinishika kifundo cha mkono.

"Alikuambia wewe kabla hajafa," alisema. Halikuwa swali.

"Hapana, mama. Hakujua."

"Haya."

"Ni kweli, mama. Hakujua chochote. Alikuwa anatunga tu."

"Haya, mwanangu," alisema, kwa upole uleule ambao watu wa Akheri walimsikilizia Babu akiwa amekaa kwenye kigoda. Kisha akapokea kikombe.

Nilipokuwa mtoto nilidhani Babu anawanyima watu jibu. Sasa nilikuwa nimekaa mahali pake. Nilikuwa na neno moja tu la kweli la kumpa mwanamke huyu, nimeshampa, na amelisukuma pembeni kama mtu anayesukuma sahani ya chakula asichokula. Nikaelewa kwa nini Babu alivaa lile koti na kwenda Kikatiti. Hakukuwa na kingine cha kumfanyia.

Aliniambia amechoka kusindikiza wageni mbali, atanifikisha mlangoni tu. Aliposimama alijishikilia kwenye fremu, akanitazama kwa macho yale yenye ukungu, akatabasamu kama anayeelewa ugumu wangu na kunisamehe.

"Ukiwa tayari uje uniambie," alisema. "Bado nipo."